Masika Hayajui Una Wafuasi Wangapi: Vijana wa Mjini na Tairi za Kuuzia Sura

Mjini Unguja kuna kijana mmoja, jina kapuni, lakini ukitaja Mark X nyeupe yenye mlio wa kuamsha mtaa basi kuanzia Michenzani mpaka Kiembesamaki watu wanamjua. Kwenye klipu zake gari linazunguka kama pia, moshi mweupe umetanda, washkaji wanapiga kelele, wimbo mkali umewekwa juu, laiki zinamiminika. Kitu ambacho klipu hazionyeshi ni saa moja asubuhi. Saa hiyo gari hilohilo limempakia mama yake anayekwenda kliniki Mnazi Mmoja, na nyuma wamekaa wadogo zake wawili wenye sare za skuli. Tairi ni zilezile za jana usiku.

Mjadala mzima uko hapo. Dogo anajua kuendesha, hilo halina ubishi, na mikono anayo. Shida ni vile vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Breki iwe ya bei gani, injini iwe na nguvu kiasi gani, dereva awe fundi vipi, kila kitu kinapita kwenye viganja hivyo vinne. Na vijana wengi wa mjini wanavichagua kwa kigezo kimoja tu: vitaonekanaje kwenye picha.

Ukweli usemwe: tairi moja haiwezi kuwa bingwa wa kiwanjani na bingwa wa barabara ya Paje kwa wakati mmoja. Kila tairi ni makubaliano. Ukiongeza ung'ang'anizi kwenye lami kavu, unapunguza umri wa tairi na uwezo wake kwenye maji. Kijana mwenye gari moja na familia ndani yake lazima ajue anakubaliana na nini, maana anayelipa si yeye peke yake.

MSANII NA RIMU ZA INCHI 19

Anza na huyu msanii wa kizazi kipya, mtoto wa mjini kabisa, ambaye picha zake mbele ya Ngome Kongwe zilitikisa wiki nzima. Gari lilikuwa limetolewa rimu za kiwandani, limevishwa inchi 19 zinazong'aa kama sinia la harusi. Maoni yote yalikuwa moto na makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ubavu wa tairi umebaki kiasi gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mark X nyingi zimetoka Japani na tairi ya 215/60R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo urefu wa ubavu, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wa tairi hiyo unapata milimita 129. Ukivaa 225/35R19, ubavu unabaki milimita 79 hivi. Sentimita tano za mpira na hewa, ambazo kazi yake ni kumeza mashimo na matuta, zimeondoka. Mahali pake pamekaa chuma.

Kuna namba nyingine ndogo ambayo watu wanaipita kama tangazo la maji kukatika. Baada ya saizi huwa kuna mbili au tatu za mwisho, mfano 95V au 88Y. Ile 95 maana yake tairi moja inabeba kilo 690. Ile 88 ni kilo 560. Tofauti ya kilo 130 kwa kila gurudumu. Sasa jaza gari watu watano, weka mzigo wa sikukuu kwenye buti, shika njia ya Kizimkazi, kisha kanyaga shimo ukiwa kasi 80. Rimu ikipinda ni bahati. Ubavu ukipasuka, hiyo ni habari nyingine.

Kibaya zaidi, bajeti yote iliishia kwenye rimu. Tairi zilizovishwa juu yake ni zile za bei ya chini kuliko zote dukani. Yaani mtu amenunua suti ya harusi halafu chini amevaa ndara. Kwa anayependa spidi kweli, mpango unatakiwa uwe kinyume: rimu za kawaida, nyepesi, na hela yote iende kwenye mpira.

TAIRI ZA THELUJI KWENYE KISIWA CHA JUA

Hii ndiyo inachekesha na kutisha kwa pamoja. Magari yetu mengi ni mtumba wa Japani, na Japani sehemu kubwa inaanguka theluji. Kwa hiyo gari linashuka bandarini Malindi likiwa na tairi za majira ya baridi, na tairi nyingine za aina hiyo zinakuja kama mtumba wa kuuzwa mojamoja. Zinaonekana kali: kashata nyingi, michirizi midogomidogo kila kona, mpira laini ukibonyeza. Mteja anafurahi. "Hizi zinakamata!"

Zinakamata barafu. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Ukiuleta kwenye lami ya Unguja mchana wa Februari unakuwa kama halua iliyoachwa juani. Kashata zinalegea na kuyumba, usukani unakuwa mzito kujibu, breki ya ghafla inachukua masafa marefu zaidi, na tairi inakwisha haraka. Ukizipeleka kwenye kuzungusha gari au mzunguko wa kasi ndiyo kabisa, zinamomonyoka vipande.

Kuzijua ni rahisi. Angalia ubavuni kama kuna neno STUDLESS au mchoro wa chembe ya theluji ndani ya mlima. Angalia majina: Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx, hizo zote ni za baridi. Na angalia herufi ya spidi mwishoni mwa saizi. Tairi nyingi za theluji za Japani zina Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. T ni 190, H ni 210, V ni 240. Mtu anayejiita mwana spidi halafu amevaa Q za Hokkaido, basi hata akiwa na wafuasi laki moja, gari lake linamcheka.

Fundi mmoja wa tairi pale Mwanakwerekwe, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, huwa anawaambia vijana hivihivi: "Mwanangu, tairi hii nzuri, lakini nzuri kwa wenyewe huko. Hapa italia." Wengi wanacheka, wanalipa, wanaondoka.

BINAMU WA MUSCAT NA ZAWADI YAKE

Sasa turudi kwa dogo wa Mark X. Yeye si wa tairi za theluji, yeye anajua mambo. Ana binamu Muscat, na kila familia ya Mji Mkongwe ina binamu Muscat. Oman mchezo wa magari una wenyewe: Chama cha Magari cha Oman kinaendesha mashindano ya drifti kwenye kiwanja chake, kuna uzio, kuna waamuzi, kuna gari la wagonjwa pembeni. Binamu akamtumia dogo seti ya semi-sliki, zile tairi ambazo uso wake karibu wote ni mpira mtupu na michirizi michache tu ya kuhalalisha jina.

Kwenye lami kavu na ya moto, tairi hizi ni uchawi. Mpira wake ni laini, ukipata joto unanata. Gari linalopiga kona kasi 60 kwa tabu, sasa linapiga hiyohiyo bila tairi kupiga kelele. Ndiyo maana wanaokwenda viwanjani wanazipenda.

Lakini kuna masharti yake. La kwanza, zinataka joto. Asubuhi ukitoka nyumbani bado zimepoa, na tairi ya aina hii ikipoa haikamati kama unavyodhani. La pili, zinakwisha. Ubavuni kwenye tairi zinazouzwa Marekani kuna alama ya TREADWEAR na namba. Toyo R888R ina 100. Bridgestone Potenza RE-71R ina 200. Michelin Pilot Sport 4S, ambayo ni tairi ya barabarani yenye roho ya michezo, ina 300. Tairi za kawaida za familia zinapanda 400, 500 na zaidi. Namba kubwa ni umri mrefu, namba ndogo kwa kawaida ni mpira laini unaonata. Kila kiwanda kinajipimia chenyewe kwa hiyo si msahafu, na tairi za soko la ndani la Japani mara nyingi hazina alama hiyo, lakini picha unaipata.

Sharti la tatu ndilo la kuua. Kazi ya michirizi na mifereji ya tairi ni kutoa maji. Tairi ikikosa mifereji, maji yanakosa pa kwenda, yanajikusanya mbele yake, na ghafla gari linaelea juu ya maji kama ngalawa. Hapo usukani ni pambo na breki ni pambo. Na Unguja, kuanzia Machi mpaka Mei, masika yakishuka yanashuka kweli. Vuli nayo inakuja mwisho wa mwaka. Kisiwa chenye misimu miwili ya mvua si mahali pa kutembelea semi-sliki kila siku.

Habari za mtaani zinasema siku moja ya mvua gari la dogo lilikwenda pembeni lenyewe karibu na miembe ya Bi Khole kule Bungi, majani mabichi yamelowa barabarani, mama yuko kiti cha mbele. Hawakugonga kitu. Mama, ambaye hajui semi-sliki wala sliki nzima, aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, mbona gari leo yaenda kama boti ya Pemba?" Dogo akajibu ni utelezi wa barabara. Barabara masikini ya Mungu, imesingiziwa. Magari mengine yote yalipita.

SASA MTU AVAE NINI?

Wapo watakaosema huu ni wivu, waache vijana wafurahi. Hakuna anayekataza furaha. Kijana anayependa gari lake, analijua kila nati, anaamka alfajiri kulisafisha, huyo ana nidhamu ambayo wengi hawana. Kinachotakiwa ni kuchagua kwa akili, na njia ziko mbili tu za maana.

Njia ya kwanza ni ya wengi: gari moja, seti moja. Hapa chagua tairi ya barabarani ya majira ya joto yenye mwelekeo wa michezo, ile ya TREADWEAR ya 300 au karibu yake, saizi ya kiwandani au inchi moja juu, si zaidi. Iwe na mifereji mipana ya kutoa maji. Uzito inayobeba usiwe chini ya ule wa tairi iliyokuja na gari. Haitakupa sekunde za ubingwa, lakini ukipata siku ya kiwanjani itakufundisha vizuri kuliko semi-sliki, maana inalia mapema kabla haijaachia. Tairi inayolia ni mwalimu. Semi-sliki inakaa kimya, inakaa kimya, halafu inaachia kwa mpigo.

Njia ya pili ni ya aliyejipanga: seti mbili. Rimu za kawaida na tairi za kawaida kwa maisha, rimu nyingine na tairi za mchezo zikisubiri ndani, mbali na jua, kwa siku ya mchezo tu. Wengine wataruka: "Hela iko wapi?" Hela ipo. Ipo kwenye bomba la mlio, ipo kwenye spika, ipo kwenye stika, ipo kwenye zile inchi 19. Uza hayo, seti ya pili inapatikana.

Njia zote mbili zina mambo ya lazima. Soma tarehe. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Viwanda vikubwa vinashauri tairi ikifika miaka mitano iangaliwe na fundi kila mwaka, na ikifika kumi itolewe hata kama kashata bado zipo. Na kwa jua la hapa, mpira unazeeka mbele ya macho. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini nyufa ubavuni ni bomu lililopakwa rangi ya viatu.

Soma pia alama ya kipara. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, imekwisha. Usisubiri waya uchungulie.

Halafu upepo. Kibandiko cha psi kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na hicho ndicho cha kufuata, si maneno ya maskani. Kwenye mzunguko wa kasi tairi inapata joto na upepo unapanda, kama psi 1 mpaka 2 kwa kila nyuzi 10 za joto. Uliyeanza na 32 unaweza kukuta 38 baada ya mizunguko michache. Ndiyo maana wenye kujua wanapima tairi ikiwa ya moto, wanapunguza kidogo, wanapiga mzunguko mmoja wa polepole kuipoza kabla ya kusimama, na kabla ya kurudi nyumbani wanajaza tena. Hilo la mwisho ndilo vijana wanalisahau: wanarudi mjini na upepo wa kiwanjani, tairi imelegea, na kesho yake wanapeleka watoto skuli.

Mfano mzuri upo, tena wa mtoto wa kike. Kuna dada mmoja wa Fuoni, mwenye Impreza ya zamani ambayo ukiiona huwezi kuigeukia mara mbili. Rimu za kiwandani, tairi nne za aina moja, tarehe zinafanana. Washkaji wanamtania gari lake ni la mwalimu wa madrasa. Lakini siku waliyoweka koni kwenye kiwanja cha wazi, kwa ruhusa ya mwenye eneo na bila mtazamaji ndani ya mstari, dada aliwazungukia wote. Wa inchi 19 alikuwa anapaki rimu yake iliyopinda.

KIWANJA KIKO WAPI?

Hapa ndipo lawama zinapotakiwa kugawanywa kwa haki. Unguja haina kiwanja cha lami cha mbio za magari. Kijana mwenye damu ya spidi anabaki na usiku, barabara tupu na simu ya kurekodi. Kumwambia "acha" bila kumwonyesha pa kwenda ni kumwambia mtoto asicheze mpira halafu ukauze uwanja.

Afrika Mashariki si ngeni kwenye mambo haya. Safari Rally ilianza mwaka 1953, enzi hizo ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 ilirudi kwenye ubingwa wa dunia kule Naivasha. Hao ni wakubwa, sawa. Lakini Kenya wapo pia watu wa kawaida, wenye Subaru zao za kwendea kazini, ambao wanafungiwa kipande cha barabara kwa siku moja, kama ilivyokuwa kwenye TT za Murang'a na Kiambu. Gari linaondoka moja moja, linashindana na saa, si na gari la mbele. Jioni mtu anarudi nyumbani na gari lilelile. Huo ndio mchezo wa mtu wa kawaida, na Unguja unawezekana.

Haihitaji mabilioni. Inahitaji eneo la maegesho au kipande cha barabara kilichofungwa kihalali, koni, kofia ngumu, fundi wa kukagua tairi na breki mlangoni, polisi na gari la wagonjwa. Tairi kipara hairuhusiwi, mpango umekwisha. Kanuni hiyo moja ingefundisha vijana kuhusu tairi kuliko hotuba mia. Na wanaopata safari za Ghuba wajue kuwa Dubai Autodrome na Yas Marina kule Abu Dhabi mtu analipia, anapewa gari, kofia na mwalimu. Unaunguza tairi za wenyewe, unarudi Zanzibar na zako nzima.

Wenye sauti mjini ndio wa kuanzisha hili. Msanii wa inchi 19 anayo sauti, anazo kampuni zinazomlipa kushika soda. Dogo wa Mark X anao vijana wanaoiga kila anachofanya. Siku wakiweka klipu ya kukagua tarehe ya tairi badala ya klipu ya moshi, kuna madogo elfu moja watainama kuangalia za kwao. Siku wakiomba kiwanja kwa majina yao, mamlaka zitasikia haraka kuliko zikiombwa na mtu asiyejulikana.

Mpaka siku hiyo ifike, kumbuka barabara za Unguja zina wenyewe. Pale Jozani matuta yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yanaua kima punju. Jioni ya sikukuu, Mnazi Mmoja inajaa watoto wenye nguo mpya wanaovuka bila kuangalia, kwa sababu ni sikukuu na dunia yote ni yao. Mtoto huyo hajui semi-sliki ni nini. Anategemea kwamba ukikanyaga breki, gari litasimama.

Haya, uwanja ni wako. Leo ukitoka, kabla hujawasha gari, inama usome ubavu wa tairi yako. Tupia hapo chini: tarehe inasema mwaka gani, na herufi ya mwisho ni ipi? Wenye Q mjitaje wenyewe kabla hamjatajwa.